Wanasesere wa Waya Waliovaa Karne Mbili

Paris ilikombolewa tarehe 25 Agosti 1944. Watu walicheza barabarani na kengele za makanisa zikalia, lakini baridi ilipoingia furaha ile ilikuta maghala matupu. Makaa ya mawe yalikuwa haba, umeme ulikatika mara kwa mara, chakula kilitolewa kwa kadi, na nguo zilikuwa kwenye mgao tangu 1941. Katika mitaa ambako kabla ya vita matajiri wa dunia nzima walikuja kupimwa magauni, mafundi walikaa mbele ya meza zisizo na hata jora moja la maana.

Kilichokuwa kimenusurika ni mafundi wenyewe, na hilo halikutokea kwa bahati. Walipokuwa wameikalia Paris, Wajerumani walitaka kuzihamishia nyumba za mitindo za Paris huko Berlin na Vienna. Lucien Lelong, mbunifu na rais wa chama cha wenye nyumba hizo, Chambre Syndicale de la Couture Parisienne, aliwapinga kwa hoja ya kifundi kabisa. Gauni la Paris, aliwaeleza, halitokani na mbunifu mmoja unayeweza kumpakia kwenye treni. Nyuma yake wako watarizi, wafuma lesi, watengeneza vifungo, maua ya kitambaa, manyoya na mikanda, kila mmoja katika karakana yake ndogo, na ukimng'oa mmoja mnyororo wote umekatika. Hoja hiyo ilisikika, nyumba zikabaki, na maelfu ya mafundi wakabaki kazini, ingawa kwa shida.

Ndipo Raoul Dautry, mkuu wa shirika la misaada la Entraide Française, alipomwendea Robert Ricci, mwana wa mbunifu Nina Ricci, akiuliza wenye mitindo wangewezaje kuchangia walioumizwa na vita. Kuonyesha magauni ya kawaida kwa wanamitindo hai kulikuwa nje ya uwezo, kwa kuwa kitambaa cha kutosha hakikuwapo. Ricci akarejea desturi ya zamani: badala ya kumvika mwanamke, wamvike mwanasesere.

Desturi hiyo ilikuwa na umri wa karne kadhaa. Mwaka 1515, Francis wa Kwanza wa Ufaransa aliomba kutoka Mantua mwanasesere aliyevikwa kama Isabella d'Este, malkia wa mitindo wa Italia ya wakati ule, kuanzia shumizi hadi mikono ya gauni na mapambo ya nywele, ili wanawake wa Ufaransa waige. Katika karne za 17 na 18 mkondo uligeuka na Paris ikawa ndiyo inayotuma. Wanasesere walioitwa Pandora walitoka katika maduka ya mtaa wa Saint-Honoré wakielekea London, Vienna na hadi Saint Petersburg, mkubwa akiwa amevaa mavazi ya kwenda mbele ya mfalme na mdogo akiwa na nguo za nyumbani. Fundi wa mbali alimvua Pandora nguo moja baada ya nyingine, akazikagua ndani na nje, akajua pindo limekaaje na marinda yameshikizwa wapi. Rose Bertin, aliyemvika Malkia Marie Antoinette, alikuwa bingwa wa biashara hiyo. Kisha yakaja magazeti ya mitindo yenye picha, kama Cabinet des Modes la 1785, na safari za Pandora zikapungua. Picha ilikuwa nyepesi kusafirisha, lakini haikuweza kugeuzwa ndani nje.

Kando na biashara, wako waliowashonea wanasesere ili kutunza kumbukumbu. Uingereza, mwaka 1754, msichana aitwaye Laetitia Clark alianza kuwavika wanasesere wadogo mavazi yaliyoiga yale aliyovaa yeye, pamoja na vazi la harusi yake ya 1761 alipoolewa katika ukoo wa Powell. Wanawake wa ukoo huo waliiendeleza kazi hiyo hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Leo kundi hilo la wanasesere limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, na kwa mtafiti wa mavazi lina thamani kubwa kwa sababu limeshonwa na watu walioyavaa magauni yenyewe.

Turudi Paris. Kazi ya kubuni mwili wa mwanasesere mpya alipewa Éliane Bonabel, mchoraji kijana wa miaka ishirini na kitu. Mbao, plasta na chuma cha kutosha havikupatikana. Kilichopatikana ni waya. Bonabel akachora mwanamke wa waya mtupu, mwenye kimo cha sentimita 70 hivi, mwili ukiwa ni mistari inayozunguka hewa. Jean Saint-Martin akaugeuza mchoro ule kuwa kitu cha kushikika, akipinda na kuunganisha waya mmoja baada ya mwingine. Uhaba ndio uliowaongoza, lakini ulizaa jambo zuri. Mwanasesere mwenye sura na ngozi ya kupakwa rangi angeonekana kama kitu cha kuchezea, ilhali huyu wa waya aliwaachia macho nafasi ya kulitazama gauni tu. Vichwa vilichongwa kwa plasta na Joan Rebull, Mkatalani aliyekuwa ukimbizini kutokana na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Naye alikataa katakata vipakwe wanja au rangi ya mdomo.

Halafu ikaja kazi yenyewe, na hapa ndipo moyo wangu unapokaa katika historia hii yote. Nyumba za mitindo zipatazo 60 zilijitolea vibaki vya vitambaa na nguvu kazi: Balenciaga, Lanvin, Hermès, Nina Ricci, Lelong ambaye kwake Christian Dior alikuwa bado mbunifu wa kuajiriwa, na nyingine nyingi. Mafundi waliozoea kumshonea mwanamke wa sentimita 165 au 170 wakapewa mwili ulio takribani mbili kwa tano ya huo. Asiyewahi kushika sindano anaweza kudhani kazi imepungua. Imeongezeka.

Sababu ni kwamba kiolezo kinapungua lakini kitambaa hakipungui. Sketi ndefu ya mwanamke huanguka vizuri kwa uzito wake yenyewe: mita nzima ya kitambaa inavuta chini, na ugumu wa nyuzi unashindwa. Punguza sketi hiyo iwe sentimita 40, na uzito unaovuta unakuwa mdogo mno, nyuzi zinashinda, sketi inasimama wima na kuchanua mbali na mwili. Rinda ambalo kwa mwanamke lingelala kwa pasi moja, kwa mwanasesere linafura. Fundi hulazimika kuchagua kitambaa chepesi kuliko kile kinachotakiwa kionekane, ili hariri laini ijifanye satini nzito na melimeli ijifanye kitani. Pindo la sentimita tano linakuwa la sentimita mbili, na mshono wa ndani ambao kwa kawaida huachiwa sentimita moja na nusu sasa unapaswa kuwa milimita sita, kitambaa kisichanike wala kisijenge tuta linaloonekana kwa nje. Ua lililochapwa kwenye kitambaa, ambalo kwa mwanamke ni dogo kifuani, kwa mwanasesere linameza kifua kizima. Mistari inapokutana kwenye mshono wa bega, kosa la milimita moja linaonekana toka upande wa pili wa chumba.

Mafundi wale hawakutafuta njia ya mkato. Vifungo viliingia kwenye tundu za kweli. Zipu zilipanda na kushuka. Washona viatu walitoa viatu vya ngozi vya kutoshea miguu ya waya, watengeneza mikoba walitoa mikoba inayofunguka, wasusi walisuka nywele, na watengeneza kofia wakaonyesha kila walichokijua. Nyumba za vito, Cartier na Van Cleef & Arpels zikiwemo, zilitoa vito vidogo. Chini ya magauni mengi palikuwa na nguo za ndani zilizoshonwa kikamilifu, ingawa hakuna mtazamaji ambaye angefunua aone. Kazi hiyo ilifanyika kwenye vyumba baridi, vidole vikiwa vimekufa ganzi, kwa watu ambao wenyewe walikuwa wamevaa koti lilelile kwa miaka kadhaa. Sijui ushujaa wa ufundi ulio mkubwa kuliko huo.

Onyesho lilipewa jina Théâtre de la Mode. Christian Bérard aliongoza upande wa sanaa, na wanasesere wakapangwa ndani ya majukwaa madogo yaliyobuniwa na wasanii waliokuwa na majina Paris. Louis Touchagues aliutengeneza mtaa wa maduka ya anasa na uwanja wa Vendôme. Bérard mwenyewe alijenga ukumbi wa tamthilia uliojaa magauni ya jioni. Jean Cocteau alitoa chumba kilichoungua, na bibi harusi akiruka angani juu ya fagio. Milango ilifunguliwa tarehe 28 Machi 1945 katika jumba la makumbusho ya sanaa za mapambo, pale Louvre, vita vikiwa bado havijaisha rasmi. Wakaja watu 100,000, na faranga milioni moja zikapatikana kwa ajili ya misaada. Baada ya Paris wanasesere walisafiri hadi London, Barcelona, Stockholm, Copenhagen na Vienna. Mwaka 1946, wakiwa wamevikwa mavazi mapya ya msimu, walivuka bahari hadi New York, kisha San Francisco.

Huko San Francisco safari ilikwama. Pesa za kuwarudisha hazikuwapo na Paris ilishaanza kushughulikia mitindo mingine. Vito vilirudishwa Ufaransa, wanasesere wakaachwa kwenye ghala la chini la duka kubwa liitwalo City of Paris. Mfadhili Alma de Bretteville Spreckels aliwaombea nafasi katika jumba la makumbusho la Maryhill, lililo kwenye genge la mto Columbia katika jimbo la Washington, na mwaka 1952 wakapelekwa huko. Ufaransa wengi waliamini walikwisha kuharibiwa. Hadi miaka ya 1980, Stanley Garfinkel, profesa wa Chuo Kikuu cha Kent State, alipofuatilia habari zao na kuwakuta. Mwaka 1988 walirudishwa Paris kukarabatiwa, na mwaka 1990 wakaonyeshwa tena Louvre, mandhari yao yakijengwa upya na Anne Surgers kwa kuwa yale ya awali yalikuwa yamepotea. Bonabel, ambaye sasa alikuwa bibi wa miaka sabini, alikuwapo kusaidia.

Hadithi ya Théâtre de la Mode imesimuliwa sana, na inastahili. Lakini iliacha mtoto ambaye hazungumzwi vya kutosha, na kwa anayependa kushona mavazi ya kale, mtoto huyo ana mengi zaidi ya kufundisha.

Mwaka 1947 mwandishi wa habari wa Marekani, Drew Pearson, aliwahamasisha wananchi wenzake wajaze treni vyakula kwa ajili ya Ulaya yenye njaa. Treni hiyo, iliyoitwa Treni ya Urafiki, iliondoka Los Angeles Novemba mwaka huo ikikusanya michango mji baada ya mji. Mfanyakazi wa reli wa Ufaransa, André Picard, ambaye alikuwa amepigana vitani, akatoa wazo kwamba Wafaransa nao watume shukrani. Ndivyo ilivyozaliwa Treni ya Shukrani: mabehewa 49, moja kwa kila jimbo kati ya majimbo 48 ya wakati ule, na la 49 kwa ajili ya jiji la Washington pamoja na Hawaii. Yalikuwa mabehewa ya zamani yaliyowahi kubeba askari wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu 40 au farasi 8. Familia za kawaida ziliyajaza vitu vya nyumbani, vinyago, barua, michoro ya watoto na vito vya urithi. Meli Magellan iliyaleta hadi bandari ya New York mwanzoni mwa Februari 1949.

Chambre Syndicale nayo ilitoa zawadi yake, wanasesere 49. Miili ilikuwa ya waya kama ile ya 1945, vichwa vya plasta, nywele za binadamu. Lakini safari hii wabunifu hawakuambiwa waonyeshe mitindo ya msimu. Kila mmoja alichagua mwaka wake, kuanzia mwanzo wa karne ya 18 hadi 1906, kisha akamvika mwanasesere mavazi ya mwaka huo. Walirejea michoro ya wachoraji wa zamani, vitabu na picha za magazeti ya mitindo ya kale. Zikipangwa pamoja, nguo zile zilisimulia historia ya mavazi ya Ufaransa kwa karne mbili.

Hapa ugumu uliongezeka maradufu. Ule wa kipimo ulibaki palepale, na juu yake ukaja wa kuuelewa mwili ambao haupo tena. Mavazi ya kale hayashonwi kutoka nje kuingia ndani. Umbo lake linajengwa chini, pasipoonekana. Gauni la katikati ya karne ya 18, lenye marinda mapana yaliyoshikizwa shingoni kwa nyuma kisha yakaachiwa yashuke hadi sakafuni, halikai bila fremu ya kupanua nyonga pande mbili, na fremu haina maana bila koseti inayokifanya kiwiliwili kiwe kama koni ya aiskrimu: kipana mabegani, chembamba kiunoni. Fundi akianza na gauni ameshapotea. Huanza na shumizi, akafuata koseti, fremu, magagulo, na gauni huja mwisho.

Kisha kila kizazi kilibadilisha fremu hiyo. Mwaka 1783 Élisabeth Vigée Le Brun alionyesha mchoro wa Marie Antoinette akiwa na gauni jeupe la melimeli lililofungwa utepe kiunoni, na watu wakakasirika hadi mchoro ukaondolewa, kwa kuwa malkia alionekana kama aliye chumbani kwake. Miaka michache baadaye, baada ya Mapinduzi, melimeli hiyohiyo ilikuwa imeshinda kila mahali, kiuno kikapanda hadi chini ya matiti na fremu zikatupwa. Miaka ya 1830 mikono ya gauni ilifura. Miaka ya 1850 zikaja pete za chuma chembamba zilizotanua sketi kama kuba, na miaka ya 1870 na 1880 upana wote ukahamishiwa nyuma, ukabebwa na kifaa kilichofungwa juu ya makalio. Kwa mwanasesere wa waya, mabadiliko hayo yalimaanisha kujenga jengo jipya kila mara, kwa milimita, juu ya mwili uleule.

Walifaulu, na ukikaribia kazi zile unaona walivyojali: lesi nyembamba badala ya pana, utepe mwembamba badala ya ule wa dukani, tarizi ya nyuzi chache ambayo kwa mbali inasomeka kama tarizi kamili. Hata hivyo naona jambo jingine, na sidhani kama ni kasoro. Wanasesere wale hawatuambii mwaka 1755 au 1830 peke yake. Wanatuambia pia 1949. Miaka miwili kabla, Februari 1947, Dior alikuwa ameirudisha Paris kwenye kiuno chembamba na sketi pana zenye magagulo chini, akiwa amechota waziwazi kutoka mavazi ya karne ya 19. Mafundi wa 1949 walikuwa wametoka kwenye meza ambako koseti ilikuwa imerudi kazini. Kwa hiyo walipomshonea mwanamke wa 1860 hawakuwa wakichimbua maiti. Mikono yao ilijua tayari jinsi ya kubana kiuno na kubeba sketi. Na ndiyo sababu vile viuno vya wanasesere vina mkunjo wa Paris ya wakati wao, na rangi zao mara nyingine ni za mbunifu wa 1949 kuliko za mchoro alioutazama.

Mtu anayetaka nakala halisi ya gauni la kale, uzi kwa uzi, atakereka. Mimi naona hapo ndipo thamani ilipo. Kila anayeshona vazi la zamani analishona kwa vidole vya wakati wake. Kuficha hilo ni kazi bure. Kilicho muhimu ni kwamba mishono ya ndani ipo na inaweza kusomwa: unaona alikopunguza, alikoongeza kipande chini ya kwapa, alikoamua kwamba hariri ya kweli haitakubali na akatumia nyepesi.

Wanasesere wa Treni ya Shukrani waliishia katika jumba la makumbusho la Brooklyn. Mwaka 2009, mkusanyo mzima wa mavazi wa jumba hilo ulihamishiwa Metropolitan Museum of Art, New York, na wao wakahama pamoja nao. Wenzao wa 1945 wako bado Maryhill, wakionyeshwa kwa zamu, majukwaa machache kwa wakati mmoja, kwa kuwa mwanga huila hariri. Kadi zao zinataja majina ya nyumba: Balenciaga, Lelong, Ricci. Majina ya wanawake waliopiga bandi, wakafungua, wakapiga tena hayamo. Anayetaka kuwafahamu atazame chini ya pindo, kwenye mishono yao, maana hiyo ndiyo saini waliyoachiwa nafasi ya kuiweka.